Kipimo cha uongo kwa mshtakiwa Marekani: unalipia nini, na mahakama inapokea nini

Huduma tunayoitathmini hapa ni ya mpimaji binafsi wa poligrafu, mashine ambayo wengi huiita tu kipimo cha uongo. Mpimaji huyu huajiriwa na wakili wa utetezi ampime mteja wake kabla kesi ya jinai haijasikilizwa. Bei yake kwa kawaida ni kuanzia dola mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kwa kikao kimoja, kutegemea uzito wa kosa na jina la mpimaji.

Uamuzi wetu ni huu. Huduma inafaa kwa kazi moja, nayo ni kumfanya mwendesha mashtaka afikirie upya kabla hajafungua shauri au hajakaza msimamo kwenye mazungumzo. Kama ushahidi wa kupeleka mbele ya juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua hatia, ni dhaifu mno. Ikitolewa na polisi bure, ni hatari. Sababu ya yote haya ni moja: chati ya mashine karibu kila mahali huzuiwa mlangoni pa mahakama, lakini maneno uliyoyasema siku ya kipimo huingia bila kubisha hodi.

Vifaa

Wapo wanaodhani mashine huwasha taa nyekundu mtu akidanganya. Haina taa hiyo. Ni kompyuta iliyounganishwa na kisanduku cha vihisio. Mirija miwili ya mpira, mmoja kifuani na mwingine tumboni, hufuata pumzi. Mkanda wa presha, uleule wa zahanati, hufungwa mkononi na kujazwa upepo hadi karibu milimita 60 au 70 za zebaki, kisha huachwa hivyo mpaka chati iishe. Vibati viwili kwenye vidole hupima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, yaani jasho. Mara nyingi huongezwa klipu ya kidole inayosoma mtiririko wa damu. Chini ya makalio kuna mto wa kunasa misogeo, ambao Chama cha Poligrafu cha Marekani kimeufanya wa lazima tangu 2012, kwa sababu mtu anayebana misuli ya mapaja kwa siri anaweza kuvuruga chati nzima. Ukikuta kiti hakina mto huo, usikae.

Kuhusu chapa, Lafayette na Stoelting ni miongoni mwa zinazoonekana, na kwa mteja hazina tofauti ya maana. Zote hurekodi mwili ulivyoshtuka. Hakuna hata moja inayojua kama umeshtuka kwa hatia, kwa hasira au kwa kuogopa kutoaminiwa.

Kikao kinavyokwenda

Tenga saa mbili hadi tatu. Mashine yenyewe hufanya kazi sehemu ndogo tu ya muda huo, kwa kuwa chati moja huchukua dakika tano hivi na kwa kawaida huchukuliwa chati tatu hadi tano. Muda uliobaki ni mazungumzo, na ubora wa huduma hujulikana humo.

Mpimaji mzuri huanza na afya yako: umelala saa ngapi, unatumia dawa gani, una maumivu wapi, umekula. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo hufifisha mchoro wa presha. Mtu aliyekesha mahabusu, au aliyetoka kuhojiwa kwa ukali asubuhi hiyohiyo, hutoa chati zisizosomeka, na mpimaji mwenye kujiheshimu humrudisha nyumbani aje siku nyingine. Asiyeahirisha kwa sababu amekwisha kupokea pesa, hiyo ni alama mbaya.

Baada ya hapo hutungwa maswali, na hakuna hatua muhimu kuliko hii. Mbinu inayotumika zaidi kwenye kesi za jinai ni ya maswali ya kulinganisha, ambayo mpimaji John Reid aliiweka wazi mwaka 1947. Maswali huwa ya aina tatu. Lipo lisilo na uzito, kama “Je, taa za chumba hiki zimewashwa?” Lipo linalogusa kosa, kama “Je, ulimchoma kisu mtu yule pale maegeshoni?” Na lipo la kulinganisha, kama “Kabla ya kufikisha miaka 25, umewahi kumuumiza mtu aliyekuamini?” Hilo la mwisho limetengenezwa kwa makusudi ili karibu kila mtu ajibu hapana kwa wasiwasi. Nadharia inasema asiye na hatia atashtushwa zaidi na swali la kulinganisha, na mwenye hatia atashtushwa zaidi na lile la kosa.

Swali la kosa lazima lihusu tendo, lijibiwe kwa ndiyo au hapana, na lisiwe na neno la kisheria. “Je, uliua kwa kukusudia?” ni swali bovu, kwa kuwa linachanganya tendo, nia na tafsiri ya sheria ndani ya pumzi moja. Kwa hiyo mshtakiwa anayekubali kwamba alipiga lakini anasema alikuwa akijihami hana cha kununua hapa. Ubishi wa kesi yake uko kwenye nia, na mashine hii haina namna ya kuuliza nia kwa usafi. Ni vivyo hivyo kwa kesi ya kubaka ambamo pande zote mbili zinakubali kwamba tendo lilifanyika, na kinachobishaniwa ni ridhaa. Mawakili wengi hupoteza pesa za wateja wao kwenye kesi za namna hii.

Maswali yote husomwa na kukubaliwa kabla nyaya hazijafungwa. Hakuna swali la kushtukiza. Kisha huja jaribio fupi la namba: unaandika namba moja kwenye karatasi, unaulizwa namba kadhaa, unajibu hapana kwa zote, na mpimaji anakuonyesha mwili wako ulivyoruka kwenye ile uliyoandika. Kazi yake ni kukuaminisha kwamba mashine inaona. Kisha chati zenyewe: swali, jibu la neno moja, kimya cha sekunde 20 hadi 25, swali lingine. Mkanda wa presha hulegezwa kati ya chati na chati, kwa sababu mkono uliobanwa muda mrefu hufa ganzi na kuumwa, na maumivu nayo huchora mstari.

Usomaji wa chati hufanywa kwa namba. Kwa mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Utah, kila swali la kosa hulinganishwa na jirani yake wa kulinganisha, kihisio kwa kihisio, na kupewa alama kuanzia −3 hadi +3. Jumla ikifika +6 au zaidi, taarifa husema hakuna dalili za udanganyifu; ikishuka hadi −6 au chini yake, husema zipo; katikati, kipimo hakikutoa jibu. Programu za kompyuta hutoa makadirio yao pia, lakini mwombe mpimaji akuonyeshe alama zake alizoziandika kwa mkono, swali kwa swali. Taarifa ya ukurasa mmoja yenye neno “amefaulu” bila alama haina thamani kwa mtu yeyote.

Ukipimwa kupitia mkalimani

Hili linawahusu Waswahili walioko Marekani, hasa Wakongomani waliopewa makazi huko, ambao wengi wao hujibu maswali ya sheria kupitia mkalimani. Mshtuko wa mwili huhesabiwa kuanzia swali linapotamkwa. Mpimaji akisoma kwa Kiingereza na mkalimani akarudia kwa Kiswahili, mtu anayeelewa Kiingereza kidogo atashtuka mara mbili, na mchoro utagawanyika. Njia sahihi ni maswali yatafsiriwe na kuandikwa kabla, mshtakiwa ayasikie na kuyakubali, kisha wakati wa chati mkalimani peke yake ndiye ayasome, na mpimaji aweke alama ya mwanzo pale mkalimani anapofungua kinywa.

Kataeni pia swali la kukanusha. Mtu akiulizwa “Hukumpiga?” akajibu “Ndiyo”, kwetu amesema hakupiga, kwenye chati itaandikwa amekiri. Na mkalimani awe anakijua Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi ikiwa huko ndiko mshtakiwa anakotoka.

Kipimo cha polisi ni huduma nyingine

Mashine ni ileile, kiti ni kilekile, lakini biashara ni tofauti kabisa. Mpimaji wa polisi ana hatua ambayo yule wa binafsi hana: mahojiano ya baada ya chati. Huondoa nyaya, huvuta kiti karibu, husema mashine imeonyesha shida, huuliza kama una maelezo. Kesi ya Wyrick dhidi ya Fields, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982, inaonyesha vizuri. Askari aliyetuhumiwa kubaka aliomba mwenyewe apimwe, na alikuwa na mawakili. Baada ya chati, afisa alimwambia palikuwa na udanganyifu, akamuuliza kama anaweza kueleza kwa nini majibu yake yanamsumbua. Akaeleza kwamba alifanya tendo lile na mwanamke yule, ila kwa ridhaa. Maneno hayo yalitumika dhidi yake kesini, na Mahakama Kuu ikaona kwamba kwa kuomba kipimo alikuwa ameachia haki yake ya kuwa na wakili chumbani, wakati wa chati na wakati wa maswali yaliyofuata.

Kesi ya Jeffrey Deskovic wa Peekskill, New York, inauma zaidi. Alikuwa na miaka 16 alipopelekwa kupimwa mwaka 1990 kuhusu mauaji ya msichana waliyesoma naye. Kikao cha saa nyingi kiliisha kwa yeye kukiri. DNA haikulingana naye hata kabla ya kesi kusikilizwa, na bado juri ilimtia hatiani, kwa kuwa ungamo lilikuwa mbele yao. Alitoka mwaka 2006, baada ya DNA hiyohiyo kumfikisha muuaji halisi. Ukiambiwa “njoo upimwe ujisafishe”, jibu ni kwamba wakili wako atapiga simu.

Mahakama zinapokea nini

Msingi uliwekwa Washington mwaka 1923. James Frye, aliyeshtakiwa kwa mauaji, alitaka kuleta mtaalamu wa kipimo cha presha, William Marston, aseme kwamba alikuwa mkweli. Mahakama ya rufaa ilikataa, ikasema mbinu ya kisayansi lazima iwe imekubalika kwa ujumla na wataalamu wa fani yake. Kipimo hicho kilikuwa kifaa cha presha tu, kabla ya mashine ya vihisio vingi, lakini kanuni yake ilitawala ushahidi wa kisayansi kwa miaka 70. Mwaka 1993, katika kesi ya Daubert, Mahakama Kuu iliwapa majaji wa shirikisho kazi ya kupima wenyewe uthabiti wa mbinu: imejaribiwa, imekaguliwa na wenzao, kiwango chake cha makosa ni kipi. Baadhi ya mahakama za rufaa ziliacha marufuku ya jumla baada ya hapo, na mawakili wakadhani mlango umefunguka.

Haukufunguka. Mwaka 1998, katika kesi ya Marekani dhidi ya Scheffer, mwanajeshi wa anga ambaye mkojo wake ulionyesha dawa za kulevya alitaka kutumia kipimo kilichosema hakudanganya alipokana. Kanuni ya 707 ya ushahidi wa kijeshi inakataza moja kwa moja. Majaji wanane kati ya tisa walisema katazo hilo halivunji haki ya kujitetea, na walitaja jambo lililo wazi: wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kuanzia hapo, jimbo likitaka kufunga mlango wote, linaweza.

New Mexico ndilo jimbo pekee lenye mlango ulio wazi kwa kanuni ya jumla, na Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa kuufunga mwaka 2004 katika kesi ya Lee dhidi ya Martinez. Masharti yake tunayapenda, na tunashauri yatumike kama kipimo cha ubora hata ukiwa Texas au Minnesota. Mpimaji awe na uzoefu wa miaka mitano au elimu inayolingana nao, na awe amepata saa 20 za mafunzo ndani ya miezi 12 iliyopita. Maswali ya kosa yasipungue mawili, chati zisipungue tatu, alama zitolewe kwa namba. Mazungumzo ya awali na kipimo chenyewe virekodiwe vyote. Upande wa pili upewe notisi siku 30 kabla, pamoja na chati, rekodi, na orodha ya vipimo vyote vingine ambavyo mtu huyo amewahi kupimwa kuhusu shauri hilo. Sharti hilo la mwisho linaua mchezo wa kuzunguka kwa wapimaji watatu na kumleta mahakamani yule mmoja aliyekupa +6.

Majimbo kadhaa mengine hupokea matokeo iwapo pande zote mbili zilitia saini kabla ya kipimo. Hapa ndipo tunapokaza sauti. Mwaka 1978 huko Ohio, Floyd Fay, akijua hakuua, alikubali kwa maandishi kwamba matokeo yatumike. Alishindwa kipimo. Akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 1980 baada ya wahusika halisi kupatikana. Akiwa gerezani alijisomea jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Mwanasaikolojia David Lykken ameeleza kwamba Fay aliwafundisha kwa muda mfupi wafungwa 27 waliokuwa wamemkiria makosa yao, na 23 kati yao walifaulu. Wisconsin, iliyokuwa ikipokea matokeo kwa saini za pande mbili, iliachana na utaratibu huo mwaka 1981. Saini hiyo usiiweke. Mwenye hatia aliyejifunza kubana vidole vya miguu wakati wa maswali ya kulinganisha anaweza kupita, na mwoga asiye na hatia anaweza kuanguka.

Kinapima kwa usahihi gani

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo mwaka 2003. Kwa tukio moja mahususi na watu wasiofunzwa ujanja, lilisema kipimo hutofautisha wakweli na waongo vizuri kuliko kubahatisha, lakini mbali na ukamilifu. Lilitoa pia hesabu ya kuchuja wafanyakazi: watu 10,000, kumi kati yao majasusi. Ukitega mashine inase wanane kati ya hao kumi, watu 1,606 watashindwa, na 1,598 kati yao hawana kosa. Katika jinai halisi, Gary Ridgway alifaulu kipimo mwaka 1984, akaja kukamatwa kwa DNA mwaka 2001 na kukiri mauaji 48. Aldrich Ames, afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alivipita vipimo vya shirika hilo mwaka 1986 na 1991 huku akiuza siri kwa Moscow.

Kuna tatizo jingine linalohusu hasa huduma hii ya binafsi. Mshtakiwa anajua kwamba akianguka, taarifa itabaki kwenye kabati la wakili. Hofu yake ni ndogo, na mbinu nzima inategemea hofu. Waendesha mashtaka wanalijua hili, kwa hiyo taarifa safi ya mpimaji wa utetezi hupunguzwa uzito kabla haijasomwa. Dawa yake ni kuchagua mpimaji aliyewahi kufanya kazi na polisi au shirikisho, ambaye ofisi ya mwendesha mashtaka inalifahamu jina lake.

Kwingineko tupite haraka. Kanada ilikataa ushahidi huu mwaka 1987 katika kesi ya Béland. Mahakama ya juu ya Ujerumani ya kesi za jinai ilisema mwaka 1998 kwamba njia hii haifai kabisa kama ushahidi. India, katika kesi ya Selvi mwaka 2010, ilipiga marufuku kumpima mtu bila ridhaa; hata aliyeridhia, matokeo yake hayapokelewi, ila kitu kilichogunduliwa kutokana na kipimo cha hiari kinaweza kupokelewa. Uingereza hupima baadhi ya waliotoka gerezani kwa masharti: kushindwa kipimo peke yake hakumrudishi mhalifu wa ngono gerezani, lakini anayoyasema chumbani yanaweza kumrudisha.

Nairobi kuna kampuni zinazowauzia waajiri huduma hii. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania haziitaji mashine hii kwa jina. Anayetaka kuileta lazima apitie maoni ya mtaalamu. Nchini Kenya, ungamo nje ya mahakama lina masharti yake, likiwemo kwamba afisa anayelipokea asiwe mpelelezi wa shauri na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Maneno yaliyotolewa kwa mpimaji wa kampuni hayajapitia hapo, na wakili ana haki ya kusimama na kuyapinga.

Kabla ya kulipa

Mkataba uandikwe kati ya mpimaji na wakili, kamwe usiwe kati ya mpimaji na mteja, ili kinga ya siri ya wakili na mteja iwe na pa kushika. Mwulize ana miaka mingapi ya kesi za jinai, maana wengi wanaishi kwa wanandoa wanaoshukiana. Atumie mbinu moja iliyo kwenye viwango vya chama chake, na aitaje kwenye taarifa. Arekodi kikao chote. Akubali kwa maandishi kutoa faili ghafi la chati, si picha yake, ili mpimaji wa pili asiyejua matokeo aweze kuzisoma upya na kutoa alama zake. Anayekataa kutoa faili hilo, tafuta mwingine.